Mwaka wa Saba: Tutakula Nini?

Tukizungumza juu ya maongozi ya Mungu, mara nyingi mtu huuliza: "Sasa tukae tu, tungoje chakula kishuke?" Hapana. Tuangalie sheria ya mashamba waliyopewa Wayahudi.

Kila mwaka wa saba ardhi ilipumzika. Hawakupanda wala kupogoa mizabibu. Kilichojiotea kiliachiwa wote: mwenye shamba, kibarua, mgeni, maskini, mifugo, hata wanyama wa porini (Kutoka 23, Walawi 25). Sababu ni kwamba ardhi ni ya Mungu. Sisi ni wageni wake tu.

Jameni, ni mkulima gani hataogopa? Biblia yenyewe inataja swali hilo: tutakula nini? Jibu la Mungu ni kwamba mavuno ya mwaka wa sita yatatosha miaka mitatu. Mwaka wa nane wangepanda, huku wakila akiba mpaka mavuno mapya ya mwaka wa tisa. Basi baraka ilitangulia njaa. Lakini ilipitia mikono ya watu waliolima, wakavuna, wakatunza ghala.

Haikuwa rahisi. Zaidi ya miaka 150 kabla ya Kristo, watu wa Beth-zur walizingirwa na adui katika mwaka wa saba. Chakula kilikwisha, wakauacha mji wao (1 Wamakabayo 6).

Madeni nayo yalisamehewe mwaka huo. Mungu alionya watu wasimnyime maskini mkopo eti kwa sababu mwaka wa saba umekaribia (Kumbukumbu la Torati 15). Hata hivyo wengine walinyima. Ndipo mwalimu Hillel, aliyeishi karibu na wakati wa kuzaliwa kwa Yesu, akaweka utaratibu wa kukabidhi madeni kwa mahakama yasifutike, ili maskini aendelee kukopeshwa.

Wako Wayahudi wanaoshika sheria hii hadi leo. Mwaka wa kupumzisha ardhi ulikuwa Septemba 2021 hadi Septemba 2022. Lakini ni sheria ya nchi ya Israeli, kwa hivyo mtu asiache shamba lake bila kulima akisema tumemwambia!

Sisi tunajifunza mambo mawili: ukipata, weka akiba, na ukiwa na akiba, usifunge mkono. Anayemtumaini Mungu hufanya yote mawili.

Swali la kujadili kikundini: Mavuno yakiwa mazuri, tunaweka nini kwa ajili ya mwenzetu atakayekosa?