Anakoroma, Hajalala

Barabara ya Embu kwenda Meru huipita kila likizo niendapo nyumbani. Mteremko wa daraja la Nithi bila shaka waujua: Julai 24, 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mkasa wangu ulikuwa mdogo, wala haukutangazwa redioni.

Kijana wa bodaboda alikuwa ameanguka karibu na Chuka. Tuliposhuka kwenye matatu tulimkuta chali, kichwa kimeinuliwa juu ya koti lililokunjwa, akikoroma. "Mwacheni, amelala tu," akasema mzee mmoja. Mama mmoja akaja mbio na kikombe cha maji.

Mimi ni mwanaisimu. Kwa miaka mingi nimefundisha jinsi ulimi unavyoinuka na kushuka mtu anapotamka, wala sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba mtu akizirai ulimi hulegea, ukaangukia nyuma na kuziba koromeo. Mkoromo ule ni hewa inayopenya kwa taabu katika mwanya uliosalia. Neno koromeo lenyewe limekaa karibu mno na koroma, nasi tulisikia usingizi!

Aliyemwokoa ni muuguzi, abiria mwenzetu. Aliliondoa koti, akapiga magoti nyuma ya kichwa, akatia vidole nyuma ya pembe za taya na kulisukuma mbele bila kuipinda shingo, maana yamkini ilikuwa imevunjika. Mkoromo ukakatika papo hapo. Maji aliyakataa kwa ukali: asiye na fahamu hamezi, yataingia mapafuni. Kijana alipoanza kutapika tulimgeuza ubavu sote kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sawia. Gari lilikawia. Muuguzi hakuliachia taya, kwani ubongo ukikosa hewa huanza kufa baada ya dakika chache tu.

Hospitalini daktari hupitisha mpira katikati ya nyuzi za sauti, zile zile alizoziona kwa kioo Manuel García, mwalimu wa uimbaji, mwaka 1854. Sisi wanafonetiki twamhesabu babu yetu, ila urithi wake tumeufungia darasani.

Mbona mwendeshaji bodaboda afunzwe alama za barabarani, asifunzwe kushika taya la mwenzake?

Kijana alipona. Nami siku hizi mhadhara wangu wa kwanza wa fonetiki nauongeza nusu saa. Wanafunzi hushikana taya wakicheka, nami nawaacha wacheke.