Je, Wajua? Wanawake na Kazi, Meru na Embu

Je, wajua kwamba uchaguzi wa Agosti 2022 uliwapa Wakenya magavana wanawake 7 kati ya 47, na wawili wao walitoka kaunti za Meru na Embu? Embu ilimchagua Cecily Mbarire. Meru ilimchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru asiye na chama, aliyewabwaga Kiraitu Murungi na Mithika Linturi kwa mpigo.

Na wajua kilichofuata? Madiwani walipiga kura kumwondoa Mwangaza Desemba 2022, Seneti ikamwokoa. Wakarudi Oktoba 2023, Seneti ikamwokoa tena. Agosti 2024 Seneti ikakubaliana nao, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo. Mashtaka yalikuwa ya uongozi, na si haki kuyafuta yote kwa kusema "ni kwa sababu ni mwanamke". Lakini aliyefuatilia mjadala ule alisikia habari za mume wa Mwangaza kiasi ambacho ni nadra wake wa magavana kujadiliwa.

Wajua kwamba Jaji Mkuu Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini, ni mzaliwa wa kijiji cha Kithiu, Meru? Aliapishwa Mei 2021.

Je, wajua Anarita Karimi Njeru alikuwa nani? Mawakili humtaja mahakamani mara kwa mara, wengi wakidhani ni jina la kesi tu. Alikuwa mbunge wa Meru miaka ya sabini, wakati wanawake bungeni walihesabika kwa vidole. Alifungwa kwa wizi, akadai haki zake za kikatiba zimevunjwa, na mwaka 1979 mahakama ikamkatalia: anayelalamika aeleze waziwazi haki ipi imevunjwa, na vipi. Tangu hapo kila anayedai haki za kikatiba, mwanamume kwa mwanamke, hupimwa kwa kesi ya Anarita.

Wajua kwamba kwa mila za Igembe, Meru, mwanamke hapandi mti wa miraa kuuchuma? Kuuza anaweza, na wapo wanaouza sana. Teremka hadi Mbeere, Embu, ukute wanawake shambani wakichuma muguka. Mmea ni uleule, Catha edulis. Mwiko wa Igembe haukufika huku.

Chai nayo? Anayeinama kuchuma mara nyingi ni mama. Namba ya mkulima kiwandani mara nyingi ni ya baba, kwa kuwa shamba ni lake. Bonasi hufuata namba, haifuati kikapu.

Je, wajua Sheria ya Ajira ya 2007 inasemaje? Malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Likizo ya uzazi miezi 3 kwa mshahara kamili, bila kukatwa likizo ya mwaka. Unyanyasaji wa kingono ni marufuku kwa kila mwajiri, ila sera ya maandishi kuuhusu inadaiwa kwa mwenye wafanyakazi 20 au zaidi tu. Sasa hesabu wasichana walioajiriwa katika saluni, duka la nguo au hoteli ya chapati pale Maua au Runyenjes: wanne, watano. Hawana sera wala afisa wa kupokea malalamiko. Anayepaswa kuwasikiliza ni bosi yuleyule wanayemlalamikia. Wakichoka, kuna ofisi ya leba, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi husikiliza kesi hata mjini Meru.