Nikikuita, Utaniitikia?

Wanandoa wengi wanaokuja kwetu washauri huanza kwa kuorodhesha ugomvi: ada za shule, ndugu wa mume, simu inayofichwa usiku. Wanaamini kwamba ndoa njema ni ile isiyosikika kelele. Lakini hata wanaopendana sana hugombana. Kinachompa mtu utulivu wa moyo ndani ya ndoa ni uhakika wa jambo moja: nikimhitaji mwenzangu, ataniitikia.

Maarifa haya yana mizizi hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akawa anatembelea vijiji vya jirani na kukaa majumbani na akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Familia zilikuwa 26. Aliona kwamba mtoto aliyezoea kuitikiwa na mama yake hakuwa wa kung'ang'ania. Alitambaa akaenda zake, akachezea alichokikuta, akageuka kuona kama mama yupo, kisha akaendelea. Mtoto asiye na uhakika huo alilia sana, na hakuthubutu kwenda mbali. Tena, akina mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa undani, anapenda nini na nini humliza, ndio hasa waliokuwa na watoto watulivu. Matokeo hayo aliyatoa kitabuni mwaka 1967, na hadi leo ni msingi wa elimu ya mfungamano wa kihisia.

Mwaka 1987, wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver walihamishia uchunguzi huu kwa watu wazima. Walitoa dodoso katika gazeti moja la Denver, Marekani, wakiwataka wasomaji waeleze wanavyojisikia katika mapenzi. Kama asilimia 56 walisema humkaribia mwenzi bila wasiwasi. Asilimia 25 walisema ukaribu ukizidi huwakosesha raha, na asilimia 19 walisema hawaachi kuhofia kwamba hawapendwi vya kutosha au wataachwa.

Mwenye hofu ya kuachwa akioana na anayekimbia ukaribu, jioni zao huwa hivi. Mke anapakua chakula, anasema, "Baba Amina, leo nimeitwa shuleni." Mume, macho kwenye simu, anajibu, "Mmh." "Nasema nimeitwa shuleni!" "Sasa mbona unanifokea, Mama Amina?" Anasukuma sahani, anatoka nje. Mke amepaza sauti kwa kuogopa kwamba mzigo ule ataubeba peke yake. Mume ametoka kwa sababu sauti ile imemwelemea. Kadiri huyu anavyofuata, ndivyo yule anavyojitenga. Kesho watasema waligombana kwa sababu ya shule, wakati jeraha lenyewe liko kwenye ile "mmh".

Hata mwili hujua tofauti kati ya kuwa peke yako na kuwa na mwenzako. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake walipiga picha za ubongo wa wanawake 16 walioolewa, huku wakiwa wameambiwa kwamba huenda wakapigwa na mshtuko mdogo wa umeme mguuni. Mwanamke alipokuwa ameshika mkono wa mumewe, sehemu za ubongo zinazokabiliana na hatari zilitulia kuliko alipokuwa hana wa kumshika, na kuliko aliposhika mkono wa mtu asiyemjua. Wenye ndoa nzuri zaidi ndio waliotulia zaidi.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tafiti za mwanasaikolojia Shelly Gable zinatuongezea upande wa pili: mwenzi hupimwa pia siku ya furaha. Mke akisema amepandishwa cheo, kumjibu "hongera" na kuendelea kutazama mpira hakumjengi. Muulize alivyoambiwa, nani alikuwepo, alijisikiaje. Wanaopokea habari njema za wenzao kwa namna hii huridhika zaidi na uhusiano wao.

Mazoea ya kukimbia au kung'ang'ania si hukumu ya maisha. Yalitokana na tuliyoyapitia, na tunayopitia sasa yanaweza kuyabadili. Ukiwa mwenye hofu, itaje hofu yenyewe. "Naogopa jambo hili nitalibeba peke yangu" husikika. "Wewe hunijali" humfanya mwenzako ajitetee. Ukiwa mwepesi wa kujitenga, usiondoke kimya. Sema, "Nipe muda nitulie, tukishakula tutazungumza," na mkishakula uanze wewe. Ahadi ndogo ikitimizwa mara kwa mara humtuliza mwenzako kuliko zawadi kubwa ya mara moja kwa mwaka.

Nasisitiza jambo moja zaidi. Kuitikiana si kuvumilia kipigo, matusi wala vitisho. Penye ukatili, usalama hutangulia: tafuta ndugu unayemwamini, ofisi ya ustawi wa jamii au polisi. Hakuna anayepaswa kujirekebisha ili asipigwe.

Kwa waliobaki, kazi ni ya kila siku na haihitaji fedha. Jua wasiwasi na furaha ya mwenzako kama wale akina mama wa Buganda walivyowajua watoto wao. Akikuita, weka simu chini, mtazame, msikilize hadi mwisho. Anayejua kwamba ataitikiwa hana haja ya kupiga kelele.