Mama Lishe na Fedha ya Simu

Mama mwenzangu, usiharakishe kumwita mama lishe mshamba kwa kuwa hataki kulipwa kwa simu. Kaa naye kwanza mpige hesabu.

M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Leo, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, mwalimu, dereva wa bodaboda na mkulima aliyeuza kahawa huuliza, "Mama, una lipa namba?" Asiye nayo humkosa mteja, au humkopesha.

Lakini tazama upande wa jiko. Usipa hununuliwa ufukweni alfajiri, na mvuvi anataka fedha mkononi. Mwenye kuni na mwenye nyanya vivyo hivyo. Basi fedha iliyoingia kwenye simu mchana sharti itolewe kwa wakala jioni, na kutoa kuna makato. Tuseme sahani ni Sh 2,000 na faida yake Sh 300. Makato yakimega hapo, nyumbani kunabaki nini? Tena siku nyingine wakala hana fedha, au mtandao umekatika. Julai 2021 ikaja na tozo ya serikali juu ya ada hizo. Ilipunguzwa Septemba mwaka huohuo na tena 2022, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Liko na jambo ambalo hatulisemi. Noti za pindo la khanga huombwa na kila mtu nyumbani. Za kwenye simu zina namba ya siri. Ila kama laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha baba, mauzo yote ya mama yako mikononi mwa baba. Hilo lizungumzwe ndani ya nyumba mapema, na mama asajili laini kwa jina lake.

Mimi muuguzi nafurahia pia kwamba mkono usioshika noti chakavu hauzipeleki kwenye chapati.

Wanaofaidika hawatoi kila jioni. Fedha ya simu huilipia LUKU, na mchele na mafuta kwa mwenye duka la jumla apokeaye simu; inayobaki huitoa kwa mkupuo, maana kutoa kidogo kidogo hukatwa zaidi. Usipa wanaununua kwa noti kama zamani. Na mteja akiwaonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba amelipa, hutazama kwanza salio lao wenyewe ndipo wampakulie.