Kipimo cha Mawimbi ya Ubongo na Ugonjwa wa Sonona: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni moja za volti. Daktari Mjerumani Hans Berger aliurekodi umeme huo kwa binadamu mwaka 1924, akatangaza matokeo yake mwaka 1929. Kipimo hicho, kiitwacho EEG, kimekuwa msaada mkubwa katika kuchunguza kifafa na matatizo ya usingizi. Vihisio vidogo hubandikwa kichwani, na mashine huchora mawimbi. Kipimo hakiumizi, wala hakiingizi umeme mwilini.

Je, kinaweza kuonyesha sonona? Kwa miaka mingi watafiti wamelinganisha mawimbi ya upande wa kulia na wa kushoto wa sehemu ya mbele ya ubongo, wakitafuta alama ya ugonjwa huu. Matokeo yao yamepingana. Mawimbi hubadilika pia kutokana na umri, dawa, kusinzia, hata kufumba macho. Kwa hiyo, hakuna mchoro ambao peke yake unathibitisha kuwa mtu ana sonona au hana.

Sonona hutambuliwa kwa mazungumzo na mtaalamu wa afya. Yeye huchunguza iwapo mtu amekuwa na huzuni, au amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa muda usiopungua wiki mbili, pamoja na dalili nyingine kama vile uchovu, usingizi kuvurugika na kujiona hana thamani. Daktari anaweza kuagiza EEG anaposhuku maradhi mengine, mathalani kifafa. Hilo ni jambo jingine.

Kabla ya kulipia, tunakushauri uulize:

1. Kipimo kinatafuta nini, na majibu yatabadilisha vipi matibabu yangu?
2. Kifaa kimeidhinishwa kwa matumizi gani? Idhini ya kuchunguza kifafa si idhini ya kutambua sonona.
3. Nani atausoma mchoro, na ana sifa zipi za kitaaluma?
4. Gharama yote ni kiasi gani?

Hasara ya fedha si hatari pekee. Tunahofia zaidi mgonjwa atakayeambiwa kwamba mawimbi yake ni ya kawaida, kisha akaacha dawa au akaficha mateso yake. Usiache dawa bila ushauri wa daktari wako. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri kipimo chochote: afike, au afikishwe, mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.