Matao ya mawe ya Utah: nani kayachonga, na kwa nini yanaanguka?

Wadau, lile tao la jiwe jekundu lililosimama peke yake jangwani nadhani wengi mmeshaliona kwenye picha. Linaitwa Delicate Arch, na lipo ndani ya hifadhi ya taifa ya Arches, karibu na mji wa Moab, jimbo la Utah, Marekani. Wenyewe wanalipenda mpaka wakaliweka kwenye vibao vya namba za magari. Wengine wakiliona wanauliza, hivi nani kachonga? Hakuna aliyechonga. Ni kazi ya chumvi na maji.

Eneo hilo lilianza kulindwa mwaka 1929, likapewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1971. Lina matao zaidi ya 2,000. Ili jiwe lihesabiwe kuwa tao, tundu lake lazima lifike kama sentimita 90.

Ilikuwaje? Kama miaka milioni 300 iliyopita, maji ya bahari yaliingia pale na kukauka mara nyingi, yakaacha chumvi nene ajabu. Baadaye mchanga na matope vikaifunika, vikageuka mwamba. Sasa chumvi ikikandamizwa na uzito mkubwa haitulii. Inasogea taratibu, kama donge la unga wa chapati: ukilibonyeza huku, linavimba kule. Miamba ya juu ikainuliwa, ikapasuka nyufa ndefu zilizojipanga sambamba. Maji yakazipanua zile nyufa, zikabaki kuta nyembamba za mawe.

Kuta hizo nazo hazikusalimika. Maji ya mvua yanayeyusha ile "saruji" inayoshika chembe za mchanga. Wakati wa baridi maji yanaganda ndani ya nyufa na kutanuka, na kama umewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza unajua kinachotokea. Kipande kinadondoka, kingine kinafuata, mwisho ukuta unatoboka. Hapo tao limezaliwa.

Ila kazi haiishii hapo. Maji yale yale yaliyolitengeneza ndiyo yanayolibomoa. Mwaka 1991 bamba la jiwe lenye urefu wa kama mita 18 lilimomonyoka kutoka Landscape Arch, tao lenye tundu la karibu mita 90 kwa upana. Njia iliyokuwa inapita chini yake ikafungwa. Agosti 2008 tao jingine kubwa, Wall Arch, lilianguka lote usiku. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Aliyeliona mwezi Julai kaliona, sisi wengine tumebakiwa na picha.

Kwa mwenye mpango wa kwenda, au mwenye ndugu aliyeko huko, kuna mambo mawili ya kuzingatia.

Kwanza, angalia unapokanyaga. Ule udongo mweusi wenye vinundu unaouona kandoni mwa njia uko hai. Ni bakteria na vimea vidogo sana vinavyoshika mchanga usipeperuke na kutunza unyevu kwa ajili ya mimea mingine. Hatua moja tu ya kiatu inaweza kuchukua miaka mingi kupona. Kwa hiyo usitoke nje ya njia eti kwa sababu unatafuta picha kali.

Pili, maji. Kiangazi joto linapita nyuzi 38, na njia ya kwenda Delicate Arch ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi, ya kupanda, na kivuli karibu hakuna. Beba lita 4 kwa mtu kwa siku, anza alfajiri, na ukiona chupa imefika nusu, geuza. Hili si la kutishana. Julai 2024, katika hifadhi jirani ya Canyonlands, baba na binti yake walipotea njia, maji yakawaishia, wakafariki wote wawili. Tao ukilikosa leo unaweza kurudi kesho asubuhi.

Utaratibu wa kuingia hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya hifadhi kabla ya kufunga safari.

Walioko Marekani au waliowahi kufika huko, tupeni maoni hapo chini: mlikwenda mwezi gani, na joto lilikuwaje?