Kwa Nini Dashibodi Hupasuka Pasipo Kuguswa

Msomaji wetu mmoja wa Ngerengere, ambaye gari lake hushinda juani karibu na stesheni tangu treni za SGR zilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, atuuliza ni kwa sababu gani dashibodi yake, ambayo haikupigwa wala kuwekewa kitu kizito, imefanya ufa toka tundu la kupitishia hewa hadi chini ya kioo. Jua lenyewe nitalipita upesi, kwani kila aishiye chini ya Uluguru aijua harara yake: yatosha kusema kwamba mwanzoni mwa Machi, na tena kama tarehe 10 ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini mwa Ngerengere, na uso wa dashibodi ndani ya gari lililofungwa vioo hupita nyuzi 70 za Selisiasi bila ya taabu.

Wengi huulaumu mwanga. Walakini kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki, na utando huo huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Mtuhumiwa mkubwa ni joto. Ngozi ya dashibodi aghalabu hufanywa kwa PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, ambayo kwa asili yake ni ngumu isiyokunjika, mpaka Mmarekani Waldo Semon wa kampuni ya Goodrich alipoichemsha mwaka 1926 katika vimiminiko vizito, nayo ilipopoa ikanyumbuka. Kitiwacho humo wengine hukiita kilainishi, jina litufanyalo tudhani ni grisi. Mimi nitakiita kilegezi.

Fikiri wazee walioketi jamvini siku ya maulidi, bega kwa bega, kila mmoja akitamani kumshika mwenziwe na kumwegemea: hizo ndizo nyuzi ndefu za PVC, ambazo klorini iliyomo huzifanya zivutane. Baina yao wamejipenyeza watoto, na maadamu watoto wapo, wazee hawafikiani, hivyo safu nzima yaweza kuyumba huku na huku kwa kaswida. Lakini watoto hawakufungwa kamba; joto likizidi huchachawa, wakatoroka mmoja mmoja, kwanza walio karibu na mlango, kisha wa katikati hujongea mahali pao nao wakatoka. Wazee hukaribiana, hushikana, hukaza. Kuyumba hawawezi tena, na jamvi walilolijaza asubuhi sasa limewazidi. Na kwa kuwa wale wa ukingoni wamefungwa miguu wasisogee, kama ngozi ilivyogandishwa juu ya sponji na fremu yake, hapana budi mahali fulani mikono iachane. Na mahali hapo aghalabu ni penye pembe ya tundu, ambako mvuto wote hukusanyika.

Na watoto wamekwenda wapi? Ule utando wa mafuta uufutao upande wa ndani wa kioo, ukidhani ni vumbi la njia ya Mikese, sehemu yake ni kilegezi cha dashibodi yako mwenyewe, kilichopanda kwa mvuke na kugandia pale.

Kutokana na hayo yafahamika kwa nini kiraka hakidumu. Fundi hodari hutoboa kitundu kidogo penye ncha ya ufa ili usiendelee, huchonga kingo zake, hujaza gundi inayonyumbuka, hupiga msasa na rangi. Ilhali ngozi ya pande zote mbili ingali ikinywea, na baada ya muda ufa wa pili hutokea kando ya ule wa kwanza. Mafuta ya kung'arishia hupendeza macho tu, kwani kilegezi kilichotoka hakirudi kwa kupakwa. Kwa hiyo mimi ningeshauri kubadili, na mwenye kwenda Ilala kutafuta dashibodi ya mtumba iliyotoka Japani, kabla ya kutazama rangi, aibonyeze kwa kidole gumba karibu na matundu ya hewa: ikibonyea na kurudi, kilegezi kingalimo, ikigoma, aiache dukani.

Zipo dashibodi za plastiki nyingine, nazo naziacha. Fundi aondoe waya za betri kabla ya kufungua chochote, na apendaye kuivisha kapeti asikizibe kifuniko cha mfuko wa hewa upande wa abiria.